Mama Mary Martin wa Ireland na Wodi ya Wazazi ya Makiungu



Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuandaa kijitabu cha historia ya parokia kwa ajili ya jubilei. Niliifanya jinsi nilivyofundishwa seminarini. Nilipekua majalada na vitabu vya ubatizo, nikapanga maparoko kwa mfuatano wa miaka, kila mmoja na picha yake, mwaka aliofika na mwaka aliohamishwa. Kijitabu kilipochapishwa nilikiona kizuri. Wiki mbili baadaye mama mmoja mzee wa WAWATA, ambaye alikuwa amesomewa na mjukuu wake ukurasa kwa ukurasa, alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa. Kwa upole kabisa aliniuliza kwa nini mapadre wote wametajwa kwa majina, hata yule aliyekaa miezi minne tu, ilhali masista waliomzalisha watoto wake saba pale Makiungu wamepewa sentensi moja, tena bila jina hata moja.

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nawajua. Nilijua tu kwamba walikuwa wazungu, kwamba wengi wao walitoka Ireland, na kwamba walikuwa wa Shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria, ambalo wazee wetu wanalifahamu zaidi kwa herufi zake tatu, MMM. Tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma habari zao, na nimemkuta mwanamke mmoja ambaye maisha yake yanastahili kufahamika na kila Mkristo aliyezaliwa katika hospitali ile, ingawa wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake.

Marie Helena Martin alizaliwa tarehe 25 Aprili 1892 huko Glenageary, pembezoni mwa jiji la Dublin, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake, Thomas Martin, alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na familia ilikuwa miongoni mwa familia chache za Kikatoliki zilizokuwa na utajiri katika Ireland ya wakati huo, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Akiwa mtoto aliugua homa ya baridi yabisi, ugonjwa ulioacha udhaifu katika moyo wake kwa maisha yake yote. Mwaka 1907, kabla hajatimiza miaka 15, baba yake alifariki ghafla, na mama yake akabaki mjane mwenye nyumba iliyojaa watoto. Mama huyu, ambaye naye aliitwa Mary, hatajwi sana, lakini ndiye aliyeishika familia ile isisambaratike, na ndiye ambaye baadaye alimruhusu binti yake kuondoka wakati ambapo kila mtu mwenye busara angemwambia abaki nyumbani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Marie alijifunza uuguzi wa kujitolea, na mwaka 1915 alipelekwa katika kisiwa cha Malta kuwahudumia majeruhi waliokuwa wakiletwa kwa meli kutoka Gallipoli. Akiwa huko alipata habari kwamba kaka yake Charlie, aliyekuwa mwanajeshi, hajulikani alipo baada ya mapigano katika nchi za Balkani. Baadaye ilithibitika kwamba alikuwa amekufa mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata Marie alipelekwa Ufaransa, akawahudumia askari waliojeruhiwa katika mapigano ya Somme na wengine waliounguzwa mapafu kwa gesi ya sumu. Ulikuwa mwaka ule ule wa 1916 wa uasi wa Pasaka jijini Dublin, ambao umejaza maelfu ya kurasa katika historia ya Ireland. Vijana waliojeruhiwa Somme, wengi wao pia kutoka Ireland, hawakuzungumzwa sana nyumbani kwao kwa miaka mingi, na wanawake waliowafunga vidonda walizungumzwa kidogo zaidi.

Aliporudi, kijana mmoja wa hali yake alikuwa tayari kumwoa. Marie alimkatalia mwaka 1917. Alimfungulia moyo padre wa parokia yao ya Monkstown, Thomas Ronayne, akimweleza kwamba anataka kumtumikia Mungu, lakini si katika njia yoyote aliyoiona mbele yake. Padre Ronayne hakumharakisha. Alimjulisha kwa Askofu Joseph Shanahan, wa Shirika la Roho Mtakatifu, mmisionari mkubwa wa Kusini mwa Nigeria, na Marie akaenda kusomea ukunga katika Hospitali ya Taifa ya Wazazi jijini Dublin. (Huyu Askofu Shanahan ana uhusiano na upande wetu wa Afrika pia: baada ya kustaafu aliishi Nairobi, na huko ndiko alikofia siku ya Noeli mwaka 1943.)

Mwaka 1921 Marie alisafiri kwenda Nigeria pamoja na mwenzake Agnes Ryan, wote wawili wakiwa walei. Alikuwa amejiandaa kuwa muuguzi na mkunga. Walipofika Calabar waligundua kwamba wanasubiriwa waongoze shule ya wasichana iliyoachwa na masista wa Kifaransa, na watu wa pale, waliokuwa wameahidiwa watawa, walikatishwa tamaa kuona wasichana wawili wasio na shela. Agnes aliugua malaria akalazimika kurudi Ireland. Marie alibaki, akafundisha, na katika saa zake za ziada akatembelea wagonjwa. Huko aliona wanawake wakifa wakati wa kujifungua. Aliona pia, na nadhani hili ndilo lililomfunga kwa wito wake, kwamba mwanamke katika uchungu hangekubali kuhudumiwa na daktari mwanamume hata kama daktari huyo angekuwepo, na aghalabu hakuwepo. Palihitajika wanawake wenye ujuzi wa kweli wa tiba, waliojitoa kwa maisha yao yote, wasioondoka baada ya mkataba wa miaka miwili.

Hapa ndipo alipokutana na ukuta. Naomba msomaji anivumilie niueleze, kwa kuwa ni ukuta uliojengwa ndani ya Kanisa letu wenyewe. Kwa taratibu za wakati huo, watawa wenye nadhiri za hadhara hawakuruhusiwa kufanya kazi ya udaktari wala ukunga. Sista aliweza kumuuguza mgonjwa wa homa, lakini hakuweza kumzalisha mama. Walioweka taratibu hizo walikusudia kulinda usafi wa nadhiri. Matokeo yake katika nchi za misheni yalikuwa kwamba mama Mkristo, mwenye misheni umbali wa nusu saa kutoka nyumbani kwake, alikufa kwa tatizo ambalo mkono wenye ujuzi ungelitatua, na masista wakaja kumwombea.

Si Marie peke yake aliyeona jambo hili. Agnes McLaren, daktari kutoka Scotland aliyeingia Ukatoliki akiwa mtu mzima, alikwenda Roma mara kadhaa kuomba taratibu hizo zibadilishwe, akafa mwaka 1913 bila kuona matunda. Aliyeendeleza kazi yake alikuwa Anna Dengel wa Austria, ambaye alisomea udaktari huko Cork nchini Ireland, akafanya kazi Rawalpindi, na mwaka 1925 huko Marekani akaanzisha jumuiya ya wanawake wa tiba ambayo ilibidi kwanza iishi bila nadhiri za hadhara ili isivunje sheria. Wanawake hawa hawakuliasi Kanisa. Walirudi tena na tena kwenye mlango ule ule, kama yule mjane wa Injili mbele ya kadhi, na nikisoma habari zao najiuliza ni wangapi kati ya waliokuwa wakiufungua na kuufunga mlango huo waliwahi kusimama pembeni ya mwanamke anayejifungua.

Marie alirudi Ireland mwaka 1924 kuanza unovisi katika shirika jipya la Masista wa Rozari Takatifu, lililoanzishwa na Askofu Shanahan huko Killeshandra. Alitumaini kwamba shirika hilo lingekuwa na kazi ya tiba. Kadiri miezi ilivyopita ilionekana wazi kuwa kazi yake kubwa ingekuwa elimu, kazi njema, lakini si ile aliyoitiwa. Mwaka 1926 aliondoka kabla ya kuweka nadhiri. Tunajua jinsi jamii inavyomtazama msichana aliyerudi kutoka utawani; kwa Wakatoliki wa Ireland ya wakati ule hali ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka uliofuata aliomba kuingia kwa Wakarmeli jijini Dublin, pengine Mungu alimtaka katika ukimya. Mama mkuu wa monasteri hakumpokea, akiamini kwamba mahali pake hapakuwa pale. Kisha zikaja zaidi ya miaka mitano ya ugonjwa, ya kulala kitandani nyumbani kwa mama yake, umri ukielekea 40, bila shirika, bila kazi, bila jambo lolote la kuwaonyesha watu.

Waandishi wengi wa maisha ya watakatifu na waanzilishi hupita haraka kwenye miaka ya namna hii, na hata vitabu vyetu vya seminari vilikuwa na desturi ya kutoka kwenye wito moja kwa moja hadi kwenye matunda. Mimi naona miaka hiyo ndiyo kiini cha maisha yake. Mwanamume mwenye wito usioeleweka angepewa parokia ya kushika wakati akisubiri. Mwanamke alisubiri chumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mambo yalianza kusogea. Balozi wa Papa nchini Ireland, Paschal Robinson, alimsikiliza na kumtia moyo. Wanawake wachache walijiunga naye, na kuanzia mwaka 1934 kikundi hicho kiliishi karibu na wamonaki Wabenedikto wa Glenstal, wakitunza shughuli za nyumba na shule yao, huku wakipata malezi ya kitawa kwao. Walipika na kufua. Tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Idara ya Propaganda Fide chini ya Papa Pius XI ilitoa maagizo yaliyowaruhusu, tena yaliyowahimiza, masista katika nchi za misheni kusomea udaktari na ukunga kwa ajili ya kuwaokoa mama na watoto. Mlango ulikuwa umefunguka. Prefekti wa Kitume wa Calabar, Monsinyori James Moynagh, alikuwa tayari kuwapokea, na Askofu Mkuu Antonio Riberi, Mjumbe wa Kitume aliyekuwa na makao yake Mombasa, aliunga mkono jambo hilo.

Mwishoni mwa mwaka 1936 Marie alivuka tena bahari kwenda Nigeria akiwa na wenzake wawili. Baada ya miezi michache aliugua vibaya sana, moyo ule wa utotoni ukishindwa kustahimili malaria. Madaktari walidhani anakufa. Ndipo tarehe 4 Aprili 1937, katika hospitali ya Port Harcourt, akiwa amelala kitandani, aliweka nadhiri zake za kitawa, na kwa tendo hilo shirika likazaliwa. Alikuwa anakaribia miaka 45, na ilikuwa imepita miaka ishirini tangu alipozungumza na padre wake. Alibebwa kwa machela hadi melini na kurudishwa Ireland, na madaktari wakamwambia kwamba hatafanya kazi Afrika tena. Wenzake walibaki Anua, karibu na Uyo, ambako hospitali ya kwanza ya shirika ilikua.

Aliishi miaka mingine 37. Kutoka mji wa Drogheda, kaskazini mwa Dublin, ambako mwaka 1939 alifungua hospitali ndogo ya wazazi, aliongoza shirika, akapeleka wasichana wa mashambani kusomea udaktari chuo kikuu wakati familia nyingi za Ireland hazikufikiria jambo hilo kwa binti, na akajenga hospitali kubwa ya kufundishia wamisionari iliyofunguliwa mwaka 1957. Chama cha Msalaba Mwekundu kilimpa nishani ya Florence Nightingale mwaka 1963, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kupewa heshima ya uraia wa mji wa Drogheda. Alifariki tarehe 27 Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 82.

Lazima niandike pia jambo linalouma, kwa sababu mama yule wa WAWATA hakuniomba nibadilishe orodha ya mapadre kwa orodha ya watakatifu. Katika hospitali ileile ya Drogheda, kwa miongo kadhaa, baadhi ya akina mama walikatwa kiungo cha mbele cha nyonga wakati wa kujifungua, njia ambayo hospitali nyingine zilikuwa zikiiacha, na wengi hawakuombwa ridhaa yao wala kuelezwa walichofanyiwa. Waliishi na maumivu ya mgongo, ya kutembea na ya kushindwa kuzuia mkojo, wakidhani ni kawaida ya uzazi. Mwaka 2006, taarifa ya jaji aliyechunguza hospitali hiyo ilieleza pia jinsi wanawake wengi walivyoondolewa kizazi bila sababu ya kutosha kati ya miaka ya 1970 na 1990, na jinsi waliofanya kazi humo walivyonyamaza isipokuwa wakunga wachache waliothubutu kusema. Mwaka 2014 serikali ya Ireland ilianzisha mpango wa fidia kwa waliokatwa nyonga, wengi wao wakiwa tayari ni wazee. Mengi ya hayo yalitokea baada ya Mama Mary kuugua au kufariki, lakini hospitali ilikuwa ya shirika alilolianzisha ili mama asiumie. Wanahistoria wanawake wa Ireland ambao katika miongo ya karibuni wamezifukua barua za watawa na sauti za wagonjwa wametufundisha kwamba wote wawili, sista aliyesahauliwa na mama aliyeumizwa, walikuwa wameachwa nje ya kitabu kimoja.

Turudi kwetu. Masista wa MMM waliingia Tanganyika miaka ya 1940 ilipokuwa inakaribia kuisha, wakati mapadre Wapalotini kutoka Ireland walikuwa wakichunga misheni za Mbulu na Singida. Mwaka 1954 walianza hospitali ya Makiungu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ikungi. Hapakuwa na Jimbo la Singida bado. Jimbo letu liliundwa mwaka 1972, miaka 18 baadaye. Kwa maneno mengine, wodi ya wazazi ya Makiungu ni kongwe kuliko jimbo. Mama yule mzee alinisimulia jinsi alivyobebwa usiku juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne, mkwewe akitangulia na kibatari, mtoto akiwa amelala vibaya tumboni. Sista aliyempokea alikuwa mrefu, alijua Kinyaturu cha salamu tu, na alikuwa na mikono ya baridi. Mtoto huyo leo ni katekista. Jina la sista halikumbuki, kwa kuwa wote waliitwa Sista.

Hata Wanyaturu wenyewe tuna deni la namna hii. Kila shabiki wa mpira mjini Singida anaufahamu uwanja wa Liti, lakini uliza vijana waliokaa jukwaani Liti alikuwa nani, na wachache watakuambia kwamba alikuwa mwanamke wa hapa hapa aliyewapinga Wajerumani. Jina tumelichora ukutani, maisha yake tumeyaacha kwa vikongwe.

Mashirika mengi ya kitawa huchagua fumbo moja la maisha ya Bwana liwaongoze. Mama Mary aliwachagulia binti zake fumbo la Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Tumezoea kulihubiri kama fumbo la furaha na sala, nasi husali fumbo hilo kila Jumatatu na Jumamosi. Mwinjili Luka anaeleza kwamba Elizabeti alikuwa mzee na mjamzito wa miezi sita, na kwamba Maria alikaa kwake karibu miezi mitatu. Mama yeyote katika jumuiya zetu ndogondogo anaweza kufanya hesabu hiyo na kujua Maria alikwenda kufanya nini.

Kijitabu chetu cha jubilei tunakiandaa upya. WAWATA wa parokia wamekubali kuzunguka vigango, na hadi sasa wamerudi na majina ya masista sita, wakunga wa Kinyaturu wanne waliofundishwa Makiungu, na mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wagonjwa kwa miaka mingi bila mshahara. Picha tumepata mbili. Mwenye kumbukumbu ya masista au wahudumu wa miaka ya mwanzo, hasa kabla ya mwaka 1972, na mwenye picha au kadi ya kliniki ya zamani, anaombwa aipeleke katika ofisi ya parokia yake, au amwambie mwenyekiti wa jumuiya aandike jina kama anavyolikumbuka, hata kama ni jina la ubatizo pekee.